Mtambo Ukisimama, Nani Analipa?

Wakala wa kampuni ya umeme wa upepo akibisha hodi kutaka kukodi shamba lako, mazungumzo huanzia kwenye pesa za mwaka: kiasi fulani kwa ekari, kiasi fulani kwa mtambo, asilimia fulani ya mauzo. Hesabu hizo ni tamu, na mara nyingi ni za kweli. Ila zote zimejengwa juu ya dhana moja, kwamba mapanga yanazunguka na umeme unafika kwenye gridi. Mimi naona swali lenye pesa hasa ni la siku yasipozunguka. Siku hiyo nani anapokea, na nani anatoa?

Hapa Kenya jibu lake lina kichekesho ndani. Saa ambazo mtambo umezimwa, mwenye shamba kwa kawaida hapati asilimia yake. Saa hizo hizo, mnunua tokeni za umeme na mlipa kodi wanaweza kuwa wanalipa kana kwamba hakuna kilichosimama. Nianze na huyu wa pili, maana kisa chake kimeshaandikwa kwenye vitabu vya serikali, kisha turudi shambani.

Mradi wa Lake Turkana Wind Power uko Loiyangalani, kaunti ya Marsabit. Ni mitambo 365 ya Vestas, kila mmoja kilowati 850, jumla megawati 310, na ujenzi uligharimu zaidi ya yuro milioni 600. Mahali penyewe hapana mfano: upepo hupenya kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya kama unavyopenya uchochoroni, wastani wa zaidi ya mita 11 kwa sekunde. Nguvu ya upepo hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi yake, kwa hiyo upepo wa mita 11 hubeba karibu mara nne ya nguvu ya upepo wa mita 7. Ndiyo sababu watu walikubali kwenda kujenga mbali kiasi hicho, na kutengeneza kilomita 208 za barabara kutoka Laisamis ili mitambo ifike.

Mitambo ilimaliza kusimamishwa 2017. Laini haikuwepo. Laini ya kilovolti 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa, zaidi ya kilomita 430, ilikuwa jukumu la serikali kupitia KETRACO, kampuni yake ya laini kuu za umeme. Mkandarasi wa Kihispania, Isolux, alifilisika kazi ikiwa katikati, wakandarasi wa Kichina wakaitwa kumalizia, na laini ikawa tayari Septemba 2018. Mkataba ulikuwa umeshaweka wazi kwamba laini ikichelewa, umeme ambao ungezalishwa unahesabiwa kuwa umezalishwa, na unalipiwa. Kenya ikadaiwa yuro zaidi ya milioni 120. Takriban shilingi bilioni 5.7 zilitoka taslimu, na zilizobaki zikaingizwa kwenye bei ya yuniti zilipwe kidogo kidogo. Benki ya Dunia ilikuwa imejitoa kwenye mradi huu tangu 2012, ikihofia kwamba nchi ingejikuta inalipia umeme isioutumia.

Lawama hapo si ya upepo. Aliyekubali kubeba hatari ya laini ni serikali, na serikali haina mfuko mwingine zaidi ya wako. Mwekezaji alifanya alichopaswa kufanya: alikataa kubeba hatari ya kitu asichokijenga yeye.

Sasa chukua ujumbe wa tokeni ulionunua juzi, usome mpaka chini. Zaidi ya bei ya umeme wenyewe kuna gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, tozo ya EPRA (mdhibiti wa nishati), tozo ya maji, asilimia 5 ya umeme vijijini, na VAT ya asilimia 16. Mstari wa fedha za kigeni ndio mahali ambapo mikataba hii inakutembelea nyumbani. Bei ya awali ya Turkana ilikuwa senti 7.52 za yuro kwa yuniti. Mradi ulipozinduliwa rasmi Julai 2019, yuro ilikuwa kama shilingi 115, kwa hiyo yuniti ilitoka kwa Sh8.65 hivi. Mwanzoni mwa 2024 yuro ilifika kama shilingi 175, na yuniti ile ile, ya upepo ule ule, ikawa zaidi ya Sh13. Upepo haukupanda bei, shilingi ndiyo iliyoshuka. Mkataba ukiwa wa yuro au dola kwa miaka 20, aliyebeba hatari ya shilingi ni mnunuzi, na mnunuzi ni wewe.

Haki nayo isemwe: mstari wa mafuta ungekuwa mrefu zaidi kama upepo huo usingekuwepo, maana pengo lingezibwa na jenereta za dizeli, na dizeli nayo hununuliwa kwa dola.

Tatizo la pili ni la usiku. Upepo wa Turkana huvuma vizuri usiku hadi alfajiri, wakati nchi imelala na matumizi yameshuka sana. Visima vya mvuke vya Olkaria, vya umeme wa jotoardhi, havizimwi na kuwashwa kama taa. Matokeo yake ni kwamba saa tisa za usiku mwendesha gridi lazima amwambie mtu apunguze, na anachagua kati ya mvuke unaoachwa upotee hewani na mapanga yanayosimamishwa. Katika mkataba wa chukua-au-lipa, ambapo mnunuzi hulipa hata asipouchukua umeme, kusimamisha mapanga hakupunguzi bili.

Jua lina tabia tofauti. Kilele cha matumizi Kenya ni kati ya saa moja na saa tatu usiku, wakati paneli zimelala. Lakini mchana jua huiacha mito ipumzike: kila megawati ya jua saa saba mchana ni maji yanayobaki nyuma ya ukuta wa bwawa la Masinga yakisubiri jioni. Bwawa ndiyo betri tuliyo nayo tayari. Garissa, mradi wa jua wa REREC, shirika la serikali la umeme vijijini, wa takriban megawati 55 uliozinduliwa Desemba 2019, unauza kwa takriban senti 5.5 za dola kwa yuniti, bei inayoonekana nafuu sana kando ya mingine. Kumbuka tu kwamba ulijengwa kwa mkopo wa Exim Bank ya China wa karibu shilingi bilioni 13.7. Mkopo wa serikali una riba ndogo kuliko pesa za mwekezaji binafsi, lakini hatari yote iko upande wa mlipa kodi, kwa hiyo kulinganisha bei hizo mbili bila kutaja hilo ni kulinganisha nyumba ya kupanga na nyumba ya urithi.

Haya, tuingie shambani.

Upepo na jua hukodi ardhi kwa namna mbili zisizofanana hata kidogo. Mtambo mkubwa wa upepo unahitaji eneo kubwa la kupumulia lakini hukalia kipande kidogo: msingi wa zege wa kipenyo cha mita 16 hadi 20, kina cha mita mbili au tatu, mamia ya mita za ujazo za zege, kando yake uwanja ulioshindiliwa ambapo krini husimama, kisha barabara na mtaro wa nyaya wenye kina cha mita moja hivi. Yote kwa pamoja ni kama ekari moja au mbili kwa mtambo. Kipeto, kule Kajiado, mitambo 60 ya GE ya megawati 1.7 imesimama kwenye mashamba ya watu binafsi yaliyokodishwa, na ng'ombe wanachungwa mpaka kwenye ngazi ya mlango wa mnara. Kodi ya upepo ni nyongeza juu ya mifugo.

Jua ni ukuta. Garissa ni hekta 85, yaani ekari 210, ambayo ni karibu ekari nne kwa kila megawati, na zote zimezungushiwa ua. Humo hulimi wala hupitishi ng'ombe. Kondoo wanaweza kuruhusiwa wapunguze nyasi. Mbuzi hapana, maana atapanda juu ya paneli na kutafuna nyaya. Kwa hiyo kodi ya jua lazima ishinde faida yote ya ekari hiyo, na thamani ya kuwa huru kuiuza, kwa miaka 25. Ukiambiwa "hata usipolima utalipwa", geuza sentensi: hutalima.

Tupige hesabu ya mtambo mmoja wa upepo. Ni mfano wangu, si mkataba wa mtu. Megawati 1.7, unafanya kazi kwa wastani wa asilimia 45 ya uwezo wake. Kilowati 1,700 mara saa 8,760 mara 0.45 ni yuniti milioni 6.7 kwa mwaka. Kwa bei ya senti 8 za dola, mauzo ni kama dola 536,000. Asilimia moja ya mwenye shamba ni dola 5,360. Kwa dola ya shilingi 129, hiyo ni karibu Sh691,000.

Pesa nzuri. Sasa ondoa. KRA, mamlaka ya kodi, haihesabu kodi hii ya shamba pamoja na ile ya asilimia 7.5 ya nyumba za kupangisha; hiyo ni ya makazi tu. Hii huingia kwenye ritani ya mwaka kwa viwango vya kawaida, na kila shilingi inayozidi 388,000, hadi milioni 6, hukatwa asilimia 30. Kama huna kipato kingine, kodi yako baada ya nafuu ya mtu binafsi ni takriban Sh116,000. Kwa sababu hiyo usikubali ulipwe miaka mitano kwa mkupuo eti kama zawadi ya kutia sahihi: unajisukuma kwenye ngazi za juu kwa mwaka mmoja na kuziacha zile za chini tupu kwa minne.

Kisha ondoa saa za kusimama. Mwendesha gridi akiuzima mtambo kwa asilimia 15 ya uzalishaji wa mwaka, zaidi ya laki moja imekutoka. Na hapa ndipo neno moja la mkataba hubeba uzito kuliko kurasa arobaini: neno "mapato". Mikataba mingi huandika asilimia ya mapato ya umeme uliouzwa. Umeme uliozimwa haukuuzwa. Kampuni inaweza kulipwa na mnunuzi kwa umeme wa kuhesabiwa, na wewe usione hata senti, bila mtu yeyote kuvunja sheria. Mwambie wakili wako aandike kwamba mapato ni pesa zote ghafi zinazotokana na mtambo: umeme uliouzwa, umeme uliohesabiwa, fidia ya bima kwa mapato yaliyopotea, na kredi za kaboni. Wengi wanapigania asilimia ipande kutoka moja hadi moja na nusu na kusahau kuuliza ni asilimia ya nini.

Ukimaliza hilo, dai kiwango cha chini kisichoshuka hata mtambo ukilala mwaka mzima. Gia zikivunjika, kipuri hutoka ng'ambo, na krini ya kunyanyulia kitu chenye uzito huo haipatikani Kitengela. Mtambo unaweza kukaa miezi bila kuzunguka. Jambo jingine ambalo watu huligundua wakiwa wamechelewa: mita rasmi iko kwenye kituo cha kupoza umeme, haiko kwenye mnara wako. Mgao wa kila shamba hukokotolewa kutoka kwenye kompyuta za mitambo, baada ya kupunguza upotevu wa nyaya. Uliza nani ana ruhusa ya kuona takwimu hizo, na uandikiwe haki ya kuleta mkaguzi mara moja kwa mwaka.

Kodi isiyobadilika ni mtego wa polepole. Shilingi 100,000 za leo, mfumuko wa bei ukiwa asilimia 6 kwa mwaka, baada ya miaka 20 zitanunua vitu vya shilingi 31,000. Mwekezaji ambaye mkataba wake wa kuuza umeme ni wa dola, halafu anakulipa wewe kwa shilingi isiyopanda, ameshajipangia faida kwenye shamba lako kabla upepo haujavuma. Omba sarafu ile ile anayolipwa yeye, au nyongeza inayofuata mfumuko wa bei.

Kabla ya hayo yote kuna kipindi ambacho watu hukidharau, kile cha kushikiliwa shamba. Kampuni husimamisha mnara wa kupimia upepo, mita 60 hadi 80, na kuusoma kwa angalau miezi 12. Wakati huo unalipwa kidogo, lakini umefungwa: huwezi kukodisha kwa mwingine, benki inasita kulishika shamba kama dhamana, na kampuni inaweza kuuza mradi kwa kampuni nyingine bila kukuuliza. Kipindi hiki kikiandikwa "kinaweza kuongezwa" bila kikomo, umekodisha shamba kwa bei ya mlingoti. Weka mwaka wa mwisho, na malipo yanayopanda kila mara kinapoongezwa.

Karatasi nazo. Ardhi ya kilimo haikodishwi bila kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi; ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu makubaliano, la sivyo mkataba ni batili. Mwenzi wa ndoa lazima akubali kwa maandishi kama shamba ni mali ya ndoa. Benki ikikushikia hati, nayo lazima iridhie. Lakini kinachokwamisha mikataba kuliko vyote ni hati kuwa bado kwa jina la babu aliyefariki. Ndugu sita wanaweza kuwa wameafikiana kabisa, na bado hakuna mwenye uwezo wa kutia sahihi mpaka mirathi ipite mahakamani. Anza hilo mapema, kabla ya wakala kuja, kwa sababu yeye hatakusubiri. Ataruka kwa jirani, na mtambo ukishapata mahali hauhami. Ushuru wa stempu kwa mkataba unaozidi miaka mitatu ni asilimia 2 ya kodi ya mwaka. Iandikwe kwamba anayelipa ni kampuni, pamoja na serveya na wakili wako.

Kwa ardhi ya jamii mambo ni mazito zaidi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka mkataba na mwekezaji upitishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii, katika mkutano ulioitwa kwa ajili hiyo na ambao theluthi mbili yao wamehudhuria. Sahihi za wazee watano hotelini si mkataba. Turkana tena ni mfano: baraza la kaunti la wakati ule lilitoa ekari 150,000, na Oktoba 2021 mahakama ya ardhi ya Meru ikaamua kwamba hati hizo zilipatikana bila kufuata sheria. Ikatoa mwaka mmoja zirekebishwe, na 2023 ikakataa kuongeza muda. Mitambo iliendelea kuzunguka juu ya ardhi yenye kesi. Msomaji wa Tanzania atambue kwamba kwake msingi ni mwingine: ardhi ya kijiji iko chini ya sheria yake ya 1999, na mgeni hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji kupitia utaratibu wa mamlaka ya uwekezaji, kwa hiyo mkutano mkuu wa kijiji ndio uwanja wenu wa kujadiliana bei.

Kisha kuna jirani. Kinangop, Nyandarua, mradi wa megawati 60.8 wenye mitambo 38 ulikufa 2016 kabla ya kusimamisha mtambo hata mmoja, baada ya mabishano ya fidia na ardhi na maandamano ambamo mtu aliuawa. Mashamba ya kule ni ya ekari chache za viazi na kabichi. Mtambo ukiwa kwa mmoja, kelele na kivuli cha mapanga huvuka ua hadi kwa wanne, na pengine masharti ya kutojenga karibu nayo pia. Anayelipwa ni mmoja. Dawa yake inajulikana: sehemu ya pesa igawanywe kwa ekari kwa kila shamba lililo ndani ya eneo la mradi, na sehemu nyingine iwe kwa mwenye mtambo. Inapunguza kipato cha aliyebahatika, na inampa usingizi. Pia inamlinda gia zake zikivunjika.

Laini ya umeme ni habari nyingine, na watu huichanganya na kodi ya mtambo. Njia ya laini ya kilovolti 400 ina upana wa mita 60. Chini yake huruhusiwi nyumba wala miti mirefu. Fidia hulipwa mara moja tu, kama sehemu ya thamani ya ardhi, wala hakuna asilimia ya mauzo. Aliyepitiwa na nyaya bila kupata mtambo ndiye mwenye mkataba mbaya kuliko wote, hivyo apigane kwenye tathmini, maana hakuna mazungumzo ya pili.

Na kaunti? Sheria ya Nishati ya 2019 imeweka mrabaha kwa jotoardhi: asilimia 75 serikali kuu, 20 kaunti, 5 jamii ya mahali. Kwa upepo na jua haikuweka mgao kama huo. Chochote ambacho kaunti au kijiji kitapata hutokana na majadiliano: hisa kama zile asilimia 5 za mfuko wa jamii wa Kipeto, barabara, zahanati, visima. Mimi ningechagua hisa ndogo kuliko darasa lililopakwa rangi, mradi tu ijulikane gawio linaanza kabla au baada ya mkopo kulipwa. Miaka kumi ya kwanza faida nyingi huenda benki.

Kimebaki kile kifungu cha mwisho wa mkataba ambacho hakuna anayekisoma. Baada ya miaka 20 au 25 mtambo unasimama moja kwa moja. Chuma cha mnara kina bei kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, mapanga ya nyuzi za kioo hayana, na zege la msingi kwa kawaida huvunjwa mpaka kina cha mita moja tu, lililobaki likafukiwa. Kampuni iliyosaini nawe inaweza kuwa imeundwa kwa mradi huo peke yake, na mradi ukiisha haina mali nyingine ya kukamatwa. Dai akiba ya kuondolea mtambo ianze kuwekwa benki kabla mwaka wa 10 haujaisha, kwa akaunti isiyoguswa bila sahihi yako, na kiasi chake kipitiwe upya kila miaka mitano kwa bei ya krini ya wakati huo. Chuma chakavu kisihesabiwe kuwa ndiyo akiba.